Luteni asiye na mshahara: Hali ya maafisa wa Marekani wanaoahirisha utumishi ili wasome

KILA mwezi Mei, vyuo vikuu vya Marekani huwaapisha vijana waliohitimu mafunzo ya uafisa wa jeshi. Mzazi humbandika mwanawe kipande cha rangi ya dhahabu begani, askari humpigia saluti ya kwanza, naye luteni usu huyo, kwa desturi ya miaka mingi, humtunuku askari sarafu ya dola moja.

Kwa baadhi ya vijana hao, hakuna pesa nyingine itakayopita kati yao na jeshi kwa miaka mitatu au minne ijayo. Hao ni wale walioomba kuahirisha utumishi ili wasomee sheria, udaktari au taaluma nyingine ya ngazi ya juu.

Nchini Marekani, tofauti na Kenya, sheria na udaktari husomwa baada ya mtu kupata shahada ya kwanza. Sheria huchukua miaka mitatu, udaktari minne. Jeshi linahitaji mawakili na madaktari, hivyo huwaruhusu baadhi ya maafisa wapya kurejea darasani. Suala hili linazihusu pia familia za Wakenya walioko Minnesota, Texas au Massachusetts ambazo watoto wao, wakiwa raia wa Marekani, huvutiwa na karo inayolipwa na jeshi.

Wengi wa maafisa hao hupitia ROTC, mpango wa mafunzo ya kijeshi vyuoni ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka wa 1916. Aliyelipiwa karo na mpango huo kwa kawaida hudaiwa utumishi wa miaka minane: minne katika kazi kamili ya jeshi, na iliyosalia katika jeshi la akiba.

Anapokubaliwa kuahirisha, kijana huapishwa na kupewa cheo, lakini jina lake huorodheshwa miongoni mwa askari wa akiba wasio na kikosi. Hana kamanda wa kumwamkia asubuhi wala gwaride la kuhudhuria. Kwa jumla, hata sheria za nidhamu za kijeshi hazimfungi mpaka siku atakapoitwa kazini.

Ikiwa hana kazi, hana ujira pia. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kudhani kwamba cheo na mshahara ni pacha.

Mwenzake aliyeapishwa siku hiyo hiyo na kuripoti kambini alikuwa akipokea takriban dola 4,000 kwa mwezi kwa viwango vya mwaka wa 2025, mbali na marupurupu ya nyumba na chakula. Yeye aliyeahirisha hapati hata senti. Karo ya shule ya sheria ni mzigo wake mwenyewe, kwani jeshi halijaahidi kumsomesha, limekubali tu kumngoja. Bima ya afya ya wanajeshi pia haimhusu. Wenye bahati hubaki katika bima ya wazazi wao hadi watimize umri wa miaka 26, na hilo wanalipata kutokana na sheria ya afya ya 2010 inayomhusu kila kijana wa nchi hiyo.

Je, ule mfuko mashuhuri wa kuwasomesha wanajeshi waliotumika baada ya mashambulio ya Septemba 11, 2001? Huo nao uko mbali. Unadai angalau siku 90 za kazi kamili, na kwa waliosomeshwa na ROTC, miaka ya kulipa deni la karo haihesabiwi katika kuupata.

Isitoshe, miaka ya darasani haipunguzi hata siku moja ya kazi kamili anayodaiwa. Akishindwa na masomo au kuyaacha njiani, anaweza kuitwa kazini na kupangiwa idara yoyote. Hata akihitimu sheria, nafasi katika idara ya mawakili wa jeshi si haki yake. Ni lazima afaulu mtihani wa uwakili na achaguliwe.

Kwa wanaotaka udaktari, ipo milango miwili mingine, na yote ilifunguliwa na sheria moja ya mwaka wa 1972.

Wa kwanza ni ufadhili wa wanafunzi wa taaluma za afya katika vyuo vya kiraia. Jeshi hulipa karo yote pamoja na posho inayozidi dola 2,000 kwa mwezi. Mwanafunzi hubaki katika jeshi la akiba, ila kwa siku 45 kila mwaka huwa kazini na kulipwa kama luteni usu. Mlango wa pili ni chuo cha udaktari cha jeshi lenyewe kilichoko Bethesda, Maryland. Huko mwanafunzi ni mwanajeshi kamili tangu siku ya kwanza, akiwa na mshahara, bima ya afya na masomo yasiyo na karo.

Lakini deni hukua. Ufadhili wa miaka minne katika chuo cha kiraia hulipwa kwa miaka minne ya kazi, na chuo cha Bethesda kwa miaka saba. Miaka hiyo huongezwa juu ya deni la awali, na mafunzo ya udaktari bingwa hayahesabiwi kuwa malipo.

Chukua mfano wa kijana aliyehitimu chuo cha kijeshi cha West Point akiwa na umri wa miaka 22, akidaiwa miaka mitano. Akiingia Bethesda, atasoma miaka minne, kisha ubingwa usiopungua miaka mitatu, ndipo aanze kulipa miaka 12. Atakuwa huru akiwa na umri wa miaka 41.

Faraja ipo katika cheo. Daktari mpya katika jeshi la nchi kavu huanza kazi akiwa kapteni, kwa sababu miaka ya shule hutambuliwa katika kupanga ngazi. Hata hivyo, miaka ya ufadhili katika chuo cha kiraia haiingii katika ile 20 ya kustahiki pensheni ya kazi kamili. Mkono mmoja unampandisha, mwingine unamrudisha nyuma.

Baadhi huona ni heri kutumika kwanza. Colin Powell, aliyepata uafisa kupitia ROTC jijini New York mwaka wa 1958, alipigana Vietnam mara mbili kabla ya kuhitimu shahada ya uzamili ya biashara mwaka wa 1971 katika chuo cha George Washington, angali afisa kazini.

Kwa mawakili upo mpango wa aina hiyo: afisa aliyetumika angalau miaka miwili husomeshwa sheria huku mshahara wake ukiendelea, kwa sharti la kutumika miaka miwili kwa kila mwaka wa shule. Ila sheria inaruhusu maafisa wasiozidi 25 kwa mwaka katika kila idara ya majeshi, na luteni usu aliyeapishwa jana hawezi hata kutuma maombi.