Mlinzi Asiyeitika Hodi: Kutafuta Kosa Katika Kinga ya Virusi vya Kompyuta

Katika kompyuta nyingi zinazopokea na kugawa barua pepe kwa niaba ya ofisi, vyuo na hospitali, yumo mlinzi ambaye watumiaji hawamwoni kamwe. Kila barua inapoingia, mlinzi huyo huipekua, huilinganisha na alama za virusi anavyovijua, kisha hutoa hukumu: ni safi, au ina virusi. Siku anapofanya kazi vyema hakuna anayemkumbuka. Lakini hutokea siku ambapo hodi inapigwa naye asiitike. Je, barua ipitishwe, irudishwe, au ingoje? Na mlinzi mwenyewe, amekufa, amezuiliwa, au ni sisi tuliobisha mlango usio wake?

Makala hii inakusudia kumweleza msomaji jinsi mlinzi huyo anavyofanya kazi katika mifumo ya jamii ya Unix, na jinsi fundi anavyoweza kutafuta chanzo cha kimya chake kwa utaratibu, badala ya kubahatisha.

Dimoni ni nini?

Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, nchini Marekani, kwa kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Katika mifumo ya aina hiyo zimo programu zisizokuwa na kioo wala kibodi ya kuzitawala. Huanza kazi mashine inapowashwa, hukaa nyuma ya pazia, na kungoja kuitwa. Programu hizo huitwa dimoni. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1963 katika chuo cha MIT, na asili yake ni kiumbe wa kufikirika aliyebuniwa na mwanafizikia James Clerk Maxwell, ambaye kazi yake ilikuwa kuchambua molekuli za gesi moja moja bila kuchoka. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba jina hilo lina uhusiano na mashetani.

Dimoni ya kinga tutakayoitumia kuwa mfano ni clamd, iliyo sehemu ya ClamAV. ClamAV ilitolewa kwanza mwaka 2002 na Tomasz Kojm wa Poland, na tangu mwaka 2013 imekuwa chini ya kampuni ya Cisco. Hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya asili, na ndiyo sababu imeenea sana katika seva za barua. Aghalabu virusi inavyovitafuta haviwezi kuidhuru seva yenyewe. Inawakinga wale watakaofungua barua hizo katika kompyuta za Windows.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusiite programu ya upekuzi pale tu inapohitajika? Jibu ni gharama. Alama za virusi ni mamilioni, na kuzipakia kwenye kumbukumbu ya mashine huchukua sekunde nyingi na nafasi inayozidi jigabaiti moja. Programu iitwayo clamscan huzipakia upya kila inapoitwa. Dimoni huzipakia mara moja, kisha hukaa tayari, na mteja wake aitwaye clamdscan hupata jibu upesi sana.

Dirisha la mawasiliano

Mteja na dimoni huzungumza kupitia soketi. Soketi tunaweza kuifananisha na dirisha dogo la zahanati: mgonjwa hupitisha cheti chake, na mganga hurudisha jibu. Namna hii ya mawasiliano ililetwa katika Unix na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwa toleo la 4.2BSD la mwaka 1983.

Madirisha hayo ni ya aina mbili. La kwanza huonekana kama faili ndani ya mashine hiyo hiyo. Katika Debian, kwa mfano, ni /var/run/clamav/clamd.ctl. La pili ni mlango wa mtandao, ambao kwa desturi ya clamd hupewa nambari 3310. Ni lazima mteja na dimoni wakubaliane juu ya anwani moja. Makosa mengi huanzia hapo, kwa kuwa kila ukoo wa Unix una desturi yake. Katika FreeBSD faili la mipangilio huwekwa chini ya /usr/local/etc, na katika Debian chini ya /etc/clamav. Fundi anayenakili maelekezo ya mfumo mmoja na kuyatia katika mwingine hana budi kuishia mbele ya ukuta usio na dirisha.

Majibu matatu na maana zake

Mawasiliano yanaposhindikana, mashine haikai kimya kabisa, hutaja sababu. Kosa la mafundi wengi ni kusoma neno la kwanza tu, yaani kwamba kuunganishwa kumeshindikana, wasimalizie sentensi. Mwisho wa sentensi ndio wenye habari.

Jibu la kwanza ni kwamba faili halipo. Hapa dirisha lenyewe halikuonekana. Huenda dimoni haijaanza, au imefungua dirisha mahali pengine. Katika mfumo mpya sababu ya kawaida ni kwamba alama za virusi bado hazijapakuliwa. Huko Debian huduma hii haianzi mpaka alama hizo ziwepo, na kazi ya kuzileta ni ya programu iitwayo freshclam. Sababu nyingine ni neno la mfano lililoachwa katika faili la mipangilio: mstari huo usipofutwa, dimoni hukataa kuanza. Tena zipo programu za barua zinazofungiwa ndani ya saraka moja kwa ajili ya usalama. Kwa programu kama hiyo, saraka ile ndiyo dunia nzima, na njia ambayo fundi anaiona vizuri, yenyewe haiioni.

Jibu la pili ni kwamba muunganiko umekataliwa. Faili la soketi lipo, lakini nyuma yake hakuna mtu. Hii ni dalili kubwa ya mlinzi aliyekufa ghafla, kwani afaye ghafla hapati nafasi ya kufunga dirisha lake. Hapo kumbukumbu ya mashine itazamwe kwanza. Alama mpya zinapofika, clamd za kuanzia toleo la 0.103 la mwaka 2020 kwa kawaida hupakia seti mpya huku zikiendelea kutumia ile ya zamani, na kwa muda mfupi mahitaji ya kumbukumbu hukaribia mara mbili. Mashine ndogo ikiishiwa, kiini cha Linux huchagua programu ya kuua ili mfumo upone, na aghalabu huchagua ile iliyo nene kuliko zote. Habari za kifo hicho huandikwa katika daftari la matukio la mfumo, si lazima katika daftari la clamd.

Jibu la tatu ni kwamba ruhusa imenyimwa. Dirisha lipo na mganga yupo, ila mgonjwa amezuiwa getini. Katika Linux, anayetaka kuunganishwa hana budi kuwa na ruhusa ya kuandika kwenye faili la soketi, na ruhusa ya kupita katika kila saraka iliyo njiani. Ruhusa zikionekana sawa, wachunguzwe walinzi wa ziada, yaani SELinux na AppArmor, ambao wana sheria zao wenyewe.

Kuna na hali ya nne, ambayo huwapoteza wengi. Mawasiliano yanafaulu, lakini dimoni yasema haikuruhusiwa kusoma faili lililopelekwa. Sababu ni kwamba mteja amepeleka jina la faili tu, na anayekwenda kulifungua ni clamd, kwa kitambulisho chake yenyewe na si cha mteja. Dawa ya hali hii ni kumwagiza clamdscan, kwa chaguo la --fdpass, aikabidhi dimoni faili likiwa limekwisha kufunguliwa.

Utaratibu wa uchunguzi

Kwanza, fundi ahakikishe kama dimoni i hai, kisha asome mistari ya mwisho ya daftari lake. Pili, alinganishe anwani iliyo katika mipangilio ya dimoni na ile anayoitumia mteja, herufi kwa herufi. Tatu, ajaribu kwa kutumia kitambulisho cha programu yenye matatizo, si kwa uwezo wa msimamizi mkuu, maana msimamizi mkuu hupita takriban kila mlango na hivyo huficha kosa. Nne, aipelekee dimoni neno PING. Ikiwa hai na kusikia, itajibu PONG. Tano, clamscan ikifaulu pale ambapo clamdscan imeshindwa, basi alama za virusi ni nzima na kasoro iko katika mawasiliano au katika dimoni yenyewe.

Mwisho, atumie faili la majaribio la EICAR. Hilo ni maandishi ya herufi 68 yasiyo na madhara yoyote, ambayo watengenezaji wa kinga walikubaliana kuyatambua kana kwamba ni virusi. Likipita bila kukamatwa, mlinzi hayupo kazini, hata kama kila kitu kingine chaonekana shwari.

Kimya si usafi

Tumefika penye kiini cha jambo. Programu ya clamdscan inapomaliza kazi hurudisha nambari: 0 maana yake hakuna virusi, 1 maana yake vimepatikana, na 2 maana yake kosa limetokea. Mtu akiandika programu inayozuia barua pale tu nambari ni 1, basi siku dimoni itakapokufa barua zote zitapita, na kila moja itahesabiwa kuwa safi. Hakuna atakayelalamika, kwani barua zinafika upesi kuliko kawaida! Seva ya Postfix kwa kawaida huchagua njia ya hadhari: kichungi chake kisipojibu, humwomba mtumaji ajaribu tena baadaye. Kuna wasimamizi ambao, kwa kuchoshwa na malalamiko ya ucheleweshaji, hubadili mpangilio huo ili barua zipite tu. Wamenunua utulivu kwa bei wasiyoijua.

Kadhalika ajihadhari na dawa za haraka: kufungua ruhusa zote kwa watu wote, au kuuelekeza mlango wa 3310 kwenye mtandao mzima. Lugha ya clamd haidai neno la siri, na miongoni mwa amri zake imo SHUTDOWN, inayoizima dimoni. Kumpa kila mpita njia uwezo wa kumwambia mlinzi aende nyumbani si kutengeneza kinga.

Mganga mwema hampi mgonjwa dawa kabla ya kumuuliza anaumwa wapi. Vivyo hivyo fundi wa kompyuta: aisome sentensi ya kosa hadi mwisho, abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, na asiyahesabu matengenezo kuwa yamekwisha hadi aone kwa macho yake faili la majaribio limekamatwa. Wahenga walisema kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu. Katika kazi hii, yafaa mshindo huo usikiwe mapema.