Pikipiki mbele, nyumba nyuma: Biashara iliyoishinda Harley

Kila ifikapo mwezi Agosti, mji mdogo wa Sturgis katika jimbo la Dakota Kusini, Marekani, hufurika pikipiki. Mkusanyiko huo ulianza mwaka 1938, na ulipofanyika kwa mara ya 75, mwaka 2015, wahudhuriaji walikadiriwa kuwa zaidi ya 700,000, katika mji wenye wakazi wasiofika 10,000. Vyumba vya kulala wageni havitoshi hata robo yao. Wengi hupiga kambi viwanjani.

Mfanyabiashara mwenye jicho kali akipita katika viwanja hivyo ataona kwamba pikipiki nyingi hazikufika pale kwa magurudumu yake. Zimebebwa. Wenyewe ni bwana na bibi wa makamo, watoto wamekwisha kuhama nyumbani, nao wamekuja na nyumba yao nyuma ya gari. Mchana hupanda pikipiki milimani, jioni hurudi kwenye kitanda chao, jiko lao na bafu lao.

Kwa msomaji aliyezoea pikipiki kama chombo cha kazi, cha kubeba abiria na magunia, huenda hayo yakaonekana mchezo wa matajiri. Lakini nyuma ya mchezo huo kuna viwanda vikubwa, hisa zinazouzwa katika Soko la Hisa la New York, na fundisho lililoigharimu kampuni moja mashuhuri fedha nyingi.

Njia mbili, gharama mbili

Wanandoa wanaotaka kuchanganya pikipiki na kambi wana njia mbili kuu.

Ya kwanza ni pikipiki yenyewe kuvuta trela dogo la hema. Chombo kinachopendwa sana kwa kazi hiyo ni Honda Gold Wing, iliyoingia sokoni mwaka 1975 na kupewa injini ya silinda sita mwaka 1988. Toleo lake la safari ndefu lina uzito wa karibu kilo 380, lakini mzigo linaoruhusiwa kubeba, pamoja na abiria, haufiki kilo 200. Bwana na bibi wakishapanda na makoti yao na kofia zao, nafasi iliyobaki ni ya nguo chache tu. Trela hubeba hema, kitanda na vyombo, na kiungo chake huzunguka ili pikipiki iweze kulala kwenye kona.

Njia hiyo ni rahisi kwa mfuko, ila ina hatari zake. Matrela mengi ya aina hiyo hayana breki zake yenyewe, hivyo pikipiki huhitaji masafa marefu zaidi kusimama. Mzigo ukipangwa vibaya, ukaelemea nyuma, trela huanza kuyumba na kuiyumbisha pikipiki pia. Anayechagua njia hii hana budi kusoma kwanza kitabu cha mtengenezaji, kwani si kila mtengenezaji anaruhusu pikipiki yake ivute kitu.

Njia ya pili ni trela lenye gereji, linalovutwa na pikapu. Ukuta wake wa nyuma hushushwa ukawa daraja, pikipiki zikapandishwa na kufungwa kwa mikanda sakafuni. Wakifika kambini, wenyewe huzitoa, husafisha sakafu, na vitanda hushushwa kutoka darini. Mbele kuna jiko, choo na meza. Trela la namna hiyo likishapakiwa laweza kupita tani tatu, na hapo ndipo gharama inapoanza, maana gari dogo haliliwezi. Anayenunua trela huenda akalazimika kununua na pikapu.

Hesabu ya usiku mmoja

Mabenki ya Marekani hutoa mikopo ya matrela kwa miaka 10, 15, hata 20. Chukua mfano wa wanandoa wanaokopa dola 40,000 kwa miaka 15 kwa riba ya asilimia 8. Kila mwezi watalipa kama dola 382, na hadi mwisho watakuwa wamelipa karibu dola 68,800. Riba peke yake ni zaidi ya dola 28,000.

Kama wanasafiri usiku 30 kwa mwaka, kila usiku unawagharimu dola 153 kabla ya mafuta, bima, na kodi ya uwanja wa kambi. Kwa bei hiyo, katika miji mingi midogo wangepata chumba cha moteli na chai ya asubuhi. Wakisafiri usiku 90, gharama hiyo hushuka hadi dola 51, na trela linaanza kuwa na maana.

Jambo linalowaumiza wengi ni kwamba thamani ya trela huanza kushuka siku linapotoka dukani, wakati deni la miaka 15 hupungua polepole. Mmoja wao akiugua, au akishindwa kuendelea kupanda pikipiki, nyumba hiyo ya magurudumu yaweza kuuzwa kwa bei isiyofikia deni lililobaki. Kwa watu waliobakiza miaka michache kustaafu, hilo ni pigo la akiba ya maisha.

Harley iliposhika mbili

Kama mteja ni mmoja, kwa nini kampuni moja isimwuzie pikipiki na nyumba pia? Harley-Davidson ilijiuliza hivyo hivyo.

Kampuni hiyo ya Milwaukee ilikuwa imepita kwenye tanuri. Mwaka 1969 ilichukuliwa na kampuni ya AMF, na mwaka 1981 wakuu wake 13 wakaikomboa kwa fedha za mkopo. Mwaka 1983 serikali ya Rais Reagan iliongeza ushuru wa pikipiki kubwa kutoka nje ili kuipa nafasi ya kupumua. Mwaka 1986 ikauza hisa kwa umma, na kabla ya mwaka huo kwisha ikainunua Holiday Rambler ya Wakarusa, Indiana, watengenezaji wa matrela na nyumba za magurudumu, kwa zaidi ya dola milioni 150.

Nia ilikuwa kutotegemea bidhaa moja. Lakini pikipiki na matrela huanguka siku moja: vyote ni vitu vya starehe, vyote hununuliwa kwa mkopo, na mteja akiogopa kupoteza kazi huahirisha vyote viwili. Aidha, ufundi wa injini haukusaidia ujenzi wa nyumba. Mwaka 1993 Harley ililazimika kufuta vitabuni mamilioni ya dola ya thamani ya Holiday Rambler. Mwaka 1996 iliiuza kwa kampuni ya Monaco Coach, wakati wateja wa pikipiki zake walikuwa wakisubiri foleni. Wahenga walikwisha kusema, mshika mbili moja humponyoka. Harley iliachia moja ikiwa bado na uwezo wa kuchagua.

Monaco nayo haikusalimika. Mwezi Machi 2009, uchumi ulipoanguka, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Katika mwezi huo huo, ukosefu wa kazi katika eneo la Elkhart, Indiana, kitovu cha viwanda hivyo, ulikaribia asilimia 20.

Kipimo cha hali ya hewa

Ndiyo maana wawekezaji hulitazama soko la nyumba za magurudumu kama mvuvi anavyotazama mawingu. Wakati wa ugonjwa wa korona, watu walikimbilia kambi, na mwaka 2021 viwanda vilipeleka kwa wauzaji zaidi ya nyumba 600,000, idadi ambayo haijapata kufikiwa kabla ya hapo. Riba ya Benki Kuu ya Marekani ikapanda kutoka karibu na sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi kupita asilimia 5 mwaka 2023, na mwaka huo zilipelekwa takriban 313,000 tu. Mwaka 2024 zilifika karibu 334,000. Harley nayo, iliyopeleka takriban pikipiki 349,000 mwaka 2006, mwaka 2024 haikufika 150,000.

Mwekezaji mdogo anayetazama hisa za Thor Industries, Winnebago au Harley asidanganyike na takwimu za mzigo uliotoka kiwandani. Mzigo huo umefika kwa muuzaji, haujafika kwa mteja. Wauzaji wengi hujaza viwanja vyao kwa mkopo, na riba ikipanda, kila trela linalolala uwanjani linakula faida. Kiwanda hutangaza mwaka mzuri, na mwaka unaofuata oda hukatika ghafla. Swali la kuuliza ni mzigo ulioko viwanjani umekaa miezi mingapi.

Mfanyabiashara anayefikiria kuongeza bidhaa ya pili kwa sababu wateja ni wale wale naye ana la kujiuliza. Siku mteja huyo akikosa fedha, je, ataacha kununua bidhaa moja au zote mbili? Kama ni zote mbili, bidhaa hiyo ya pili haimkingi na hasara. Inaiongeza.

Kwa wale wanandoa wa Sturgis, ushauri unaotolewa mara nyingi ni kukodi trela kwa msimu mmoja kwanza, wahesabu usiku waliolala humo kwa kweli, ndipo waende benki.