GOBOLE LA MZEE ATALICHUKUA NANI?

Baadhi yetu vijijini tuna magobole ya kulinda mashamba, maana nguruwe pori hawana huruma. Lakini mwenye gobole akizeeka, ama akipatwa na kiharusi, litashikwa na nani?

Tusidanganyane. Bunduki hairithiwi kama jembe. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kibali ni cha mwenye jina lake. Kijana akilichukua bila kibali chake mwenyewe ana kosa, hata kama baba ndiye kampa.

Basi mzee achague mapema, angali na akili timamu. Nani si mlevi? Nani hana hasira za haraka? Waende naye polisi, kijana aombe kibali. Kama hakuna anayefaa, gobole likabidhiwe hukohuko polisi. Na baruti iliyofichwa darini je? Mzee aonyeshe ilipo.