Chupa ya Maji ya Shule: Ipi Inamfaa Mtoto?

Marufuku iliyoanza Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ililenga mifuko ya rambo. Chupa za maji za kutumia na kutupa haikuzigusa, na mtoto anayenunua maji shuleni huacha moja kila siku. Ukitaka aachane nazo, kaa naye mezani mpige hesabu.

Tuseme chupa ya nusu lita ni shilingi 500. Kwa siku 194 za masomo, hizo ni shilingi 97,000 kwa mtoto mmoja. Sasa chukua chupa ya chuma ya shilingi 15,000, uwe unaijaza kutoka dumu la lita 20 linalojazwa upya kwa 4,000. Nusu lita inakuwa shilingi 100, mwaka mzima 19,400. Ukijumlisha na chupa yenyewe, 34,400. Weka bei za mtaani kwenu, maana hazilingani. Anayechemsha maji ya bomba ahesabu na mkaa au gesi.

Hata hivyo, wa darasa la kwanza simshauri mzazi wake anunue ya chuma. Watoto wa umri huo husahau vitu. Plastiki ngumu ya shilingi 5,000, yenye namba 5 katika pembetatu chini ya kitako, inamtosha: inastahimili maji ya moto, na hata akipoteza mbili ukanunua ya tatu, umefikia tu bei ya ile moja ya chuma. Andika jina lake kwa rangi ya kucha, haifutiki upesi.

Wengine hujaza tena na tena chupa ile ile ya dukani. Ni nafuu ninayoiogopa. Chupa hiyo, namba 1, haikukusudiwa kuoshwa kila siku. Mdomo wake mwembamba haupitishi brashi, na utelezi hujijenga ndani bila kuonekana.

Kabla ya kulipa, kagua kifuniko kuliko rangi au picha. Vyenye mrija huwavutia watoto, lakini mrija huficha uchafu na ni wa kwanza kuharibika. Mdomo uwe mpana, mkono wa mtoto uingie na sifongo. Mwombe muuzaji maji kidogo, uipindue chupa kichwa chini. Ikivuja juu ya madaftari siku moja tu, mtoto hataibeba tena, na ana haki.

Rangi achague mwenyewe, na kuiosha jioni iwe kazi yake. Katika ile hesabu ya chupa ya chuma inabaki shilingi 62,600. Kubalianeni mapema sehemu yake ni ipi, iwe ya mpira au kitabu, na mpe mwisho wa kila muhula badala ya kumngojesha mwaka mzima.