Sura ya Tano: Palipolowa Sipo Palipotoboka

Msomaji wa Kisii au Nyamira ana haki ya kuuliza boti yenyewe iko wapi. Kwetu ni vilima, migomba na majani chai. Mto Gucha unashuka kwa kasi katikati ya mawe, wala hakuna anayeupitia kwa makasia. Lakini mto huo huo ukiteremkia Migori huitwa Kuja, na mwisho wake ni Ziwa Victoria. Na omena unayonunua Daraja Mbili ilivuliwa kwa boti za mbao, ambazo nyingi zinavuja wakati huu ninapoandika.

Isitoshe, yeyote aliyelala chini ya bati linalovuja amekwisha kusoma nusu ya sura hii. Tone linakuangukia kitandani. Unasogeza kitanda, unaweka sufuria, asubuhi unapanda ngazi kuangalia bati lililo juu ya mto wako wa kulalia: zima kabisa. Tundu liko mita mbili juu zaidi, kwenye msumari uliolegea. Maji yaliingia pale, yakafuata mbao, yakadondoka yalipochoka.

Kwenye boti ni vivyo hivyo. Maji yakiingia kwenye omo, yaani mbele, hutambaa kando ya mataruma, zile mbavu za ndani, mpaka yapate mahali pa chini kabisa. Watu wa pwani ya bahari hupaita ngama. Siku moja Homa Bay nilinyoosha kidole kwenye kidimbwi kilichokuwa chini ya kiti cha nyuma, nikajiona nimegundua kitu. Fundi, mzee aliyekuwa amekalia dumu, akacheka. "Mwalimu, hapo ni sebuleni. Nionyeshe mlango."

Kabla ya kuutafuta mlango, tujue upana wake. Tundu la sentimita 1, likiwa sentimita 30 chini ya uso wa maji, huingiza takriban lita 7 kwa dakika: dumu la lita 20 linajaa kwa dakika tatu hivi. Mtu mmoja mwenye kopo anaweza kushindana nalo. Sasa chukua mwanya usiotisha macho, wa milimita 1 tu kati ya mbao mbili, lakini wenye urefu wa mita nzima, kina kile kile. Huo huingiza zaidi ya lita 80 kwa dakika, madumu manne. Ndiyo maana fundi hababaishwi na tundu la kutisha lililo juu karibu na ukingo. Anaogopa mshono mrefu wa chini.

Kuutafuta mlango ni kazi ya kuligeuza jambo. Fundi wa baiskeli hujaza mpira upepo, akauzamisha kwenye karai na kutazama povu linatokea wapi. Boti iliyovutwa nchi kavu nayo hutiwa maji ndani, halafu mtu analala chali mchangani kutazama nje. Ila kidogo kidogo! Mbao za boti zimeunganishwa ili zisukumwe na maji kutoka nje. Ukiijaza kama tangi, uzito huo unafungua mishono iliyokuwa salama. Kina cha vidole vitatu kinatosha, boti ikiwa imeegemezwa vizuri, kisha unaiinamisha upande huu na ule. Anayetaka kuikagua ikielea huikausha ndani kwa kitambaa, akanyunyiza majivu juu ya mishono. Majivu yanayotangulia kuwa meusi yanasema ukweli. Giza likiingia, boti ikiwa nchi kavu, tochi iliyowekwa ndani huonyesha nyufa kwa anayezunguka nje.

Msumari ndio mshukiwa wa kudumu. Chuma kikishika kutu hula mbao inayokizunguka; ikawa laini, nyeusi, na ncha ya kisu ikazama bila kubishana. Hapo kupiga msumari mnene zaidi ni kuahirisha msiba. Ng'oa, chonga kigingi cha mbao kavu, kipige kwa nguvu, ukate kichwa. Kigingi kikinywa maji kinavimba na kujibana chenyewe.

Mshono unataka kalafati, yaani kuzibwa kwa pamba. Kwanza toa uchafu wote wa zamani kwa ncha ya kisu, kazi ya kuchosha ambayo wengi huiruka, na wakiiruka watarudi mwezi ujao. Acha pakauke. Sokota pamba iwe uzi mnene, uisukumize kwa patasi butu na nyundo nyepesi, kipande juu ya kipande. Sikiliza: mlio wa kwanza ni mzito na mfu, pamba ikishiba, patasi inaanza kuruka na sauti inakuwa kavu. Simama hapo. Ukiendelea, unazitenganisha mbao zenyewe na kuuhamishia uvujaji mshono wa jirani. Juu yake paka lami. Pwani ya bahari, upande wa nje, mafundi walipaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama.

Na ikitobokea katikati ya ziwa? Wasogeze abiria na mizigo upande wa pili, boti iinamie huko, tundu lipande juu ya maji au angalau likaribie uso, maana kina kikipungua nguvu ya maji hupungua. Kitambaa, kama mkono unafika, kizibe kutokea nje: maji yatakisukuma kikazane. Ukiziba kutokea ndani, maji yale yale yatakutemea kitambaa chako.

Boti iliyokaa juani majuma kadhaa ina tabia nyingine. Mbao zimekauka zikasinyaa, na siku ya kurudishwa majini inavuja kila mahali, hata ile iliyotiwa kalafati jana. Mteja wa fundi wangu alipiga kelele alipoona hivyo, akidai pesa zake. Mzee akamkabidhi dumu lililokatwa nusu achote maji, akamwambia arudi kesho asubuhi wazungumze.