Chanda Chema Huvikwa Pete, Lakini Vidole ni Vingi



Mwaka unapoelekea ukingoni, shule zetu za serikali huwa na shamrashamra. Kuna mahafali ya darasa la saba na ya kidato cha nne, na kuna siku ya wazazi ambapo matokeo husomwa na zawadi hugawiwa. Maturubai hufungwa, viti huazimwa, ngonjera husomwa mbele ya mgeni rasmi, kisha mwalimu wa taaluma husimama na karatasi yake: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vigelegele husikika, na watoto watatu hurudi kwenye viti vyao na kaunta buku na kalamu mkononi.

Hatuna neno dhidi ya zawadi hizo. Wazee walisema chanda chema huvikwa pete, na mtoto aliyejitahidi anastahili kupongezwa mbele ya watu. Lakini madarasa mengi ya shule zetu yana watoto sitini, sabini, na mahali pengine wanapita mia. Watatu wakishatunzwa, wale wengine wanarudi nyumbani na nini moyoni?

Sisi wauguzi tunaokwenda shuleni na vifaa vya chanjo na dawa za minyoo tunawaona watoto hawa kwa upande mwingine. Ndiyo sababu mwezi huu tumeona vema tuzungumze nanyi juu ya mambo mapya yaliyoingia katika shule za serikali hapa Tanzania, na juu ya swali hili: shule ya wilaya yako inamtunza nani, na inamsahau nani?

Hawakupimwa kwa kibaba kimoja

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza majina ya wanafunzi kumi bora na shule kumi bora za taifa. Nyumba nzima zilikaa karibu na redio kusikiliza. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, Baraza lilisema limeacha utaratibu huo. Sababu iliyotolewa ni rahisi kueleweka kwa kila mama: watoto hawasomi katika mazingira yaliyo sawa, hivyo si haki kuwashindanisha kana kwamba wote wameanzia mstari mmoja.

Tuangalie darasa moja tu la shule ya kijijini. Mtoto wa kwanza anakaa jirani na shule, asubuhi amekunywa chai na kiporo, jioni ana taa ya kusomea. Wa pili ameamka alfajiri kuchota maji, amemwogesha mdogo wake, ametembea saa nzima na tumbo tupu. Wote wawili wanapewa mtihani uleule. Mmoja anapata 80, mwingine anapata 45. Je, tuna uhakika ni yupi aliyefanya kazi kubwa zaidi?

Tena yapo mambo ya afya ambayo karatasi ya matokeo haiyasemi. Tumekutana na mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akiitwa mzito wa kuelewa. Alikuwa akinakili kutoka kwenye daftari la mwenzake kwa sababu hakuuona ubao. Alipokalishwa mbele, na baadaye akapata miwani, alama zake zilianza kupanda. Hakufika tatu bora, na siku ya zawadi hakuitwa. Lakini mtoto yule alikuwa amepanda mlima ambao wa kwanza wa darasa hajawahi kuuona.

Mama, ukiona mwanao anakunja macho anapotazama mbali, anaweka kitabu karibu sana na uso, anataka kurudiwa kila unachosema, au sikio lake linatoa usaha, usimpige wala usimwite mjinga. Mpeleke kituo cha afya kwanza.

Mlango uliofunguliwa kwa mabinti

Zamani binti wa shule ya serikali aliyepata mimba alifukuzwa, na hadithi ya masomo yake ikaishia hapo. Novemba 2021 mambo yalibadilika. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo uliruhusu wanafunzi walioacha masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliojifungua, kurudi katika shule za kawaida. Mwongozo uliofuata mwaka 2022 ulieleza kwamba binti arudi katika muda wa miaka 2.

Waraka umefungua mlango wa shule. Mlango wa nyumba ni juu yetu sisi mama zao. Binti hawezi kurudi darasani kama hakuna wa kumshika mtoto. Hapo ndipo bibi anapohitajika, au shangazi, au mama mdogo. Tunajua uchungu unaokuwa ndani ya nyumba ile, na tunajua maneno ya majirani. Lakini miaka 2 hupita upesi kwa mwenye hasira.

Kama mtoto bado ananyonya, binti anyonyeshe kabla ya kutoka na mara anaporudi. Katikati ya hapo anaweza kukamua maziwa kwa mikono iliyonawa vizuri kwa sabuni, akayaacha katika kikombe safi chenye kifuniko, mahali palipo baridi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe ndani ya saa chache. Chupa za chuchu ni ngumu kusafisha na huleta kuhara.

Binti huyu akifanya vizuri, atunzwe kama wengine, kwa alama zake na juhudi zake. Asisimamishwe mbele ya watu ili maisha yake yafanywe mahubiri. Amerudi kusoma, hakurudi kuwa mfano.

Mambo mengine ya kujua

Tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita navyo vikaingizwa. Hata hivyo tunajua kwamba sare, madaftari na chakula cha mchana bado viko mabegani mwetu. Michango ya uji na mengineyo hupangwa na wazazi wenyewe katika mkutano. Mtoto hapaswi kurudishwa nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa mchango.

Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa Dodoma mwaka 2025, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari. Walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya mwaka 2024 wamepangiwa kumaliza elimu ya msingi mwaka 2027 wakiwa darasa la sita, mwaka uleule ambao darasa la saba nalo litamaliza. Madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja mwanzoni mwa 2028. Mama mwenye watoto waliofuatana, hesabu sasa: sare mbili, viatu jozi mbili, madaftari ya watoto wawili kwa Januari moja. Anza kuweka kidogo kidogo.

Habari ya tatu ni chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, saratani inayoongoza kwa wanawake wa nchi yetu. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilitolewa kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na sindano ni moja tu. Yako maneno mitaani kwamba inafunga kizazi. Si kweli. Chanjo hii haigusi uwezo wa kuzaa. Inamkinga binti na virusi vinavyosababisha ugonjwa ambao sisi wauguzi tumeona ukiwachukua akina mama wenye watoto wadogo. Karatasi ya taarifa ikija nyumbani, usiiache ipotee.

Zawadi za kutosha vidole vyote

Sasa turudi kwenye zawadi. Mkutano wa wazazi ukiitishwa, mama unayo haki ya kusimama na kutoa wazo. Haya ni baadhi ya mawazo unayoweza kuyapeleka.

Kwanza, atunzwe aliyepanda zaidi. Mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe wa muhula uliopita. Aliyetoka wa 58 akawa wa 30 apigiwe makofi kama aliyebaki wa kwanza.

Pili, yatunzwe mahudhurio, lakini kwa busara. Mtoto mwenye selimundu au pumu hukosa siku nyingi bila hiari yake. Asihesabiwe kama mtoro. Wala tusipeleke shuleni mtoto mwenye homa au surua kwa kuogopa kukosa cheti. Ataambukiza darasa zima.

Tatu, watunzwe wenye mikono na mioyo: anayetunza bustani ya shule, anayechora, anayekimbia, anayemshika mkono mwenzake asiyeona vizuri hadi darasani.

Nne, tusiwasahau watu wazima. Mwalimu wa darasa la kwanza anayewafundisha watoto mia kushika kalamu, na mama anayepika uji kwa moshi wa kuni kila asubuhi, mara ngapi wamesikia asante mbele ya wazazi?

Tano, jina la aliyeshika mkia lisisomwe hadharani. Hatujaona mtoto aliyepata akili kwa kuaibishwa, ila tumeona walioacha shule.

Fedha isiwe kisingizio. Cheti kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri, kalamu mbili na daftari vinatosha. Vikundi vyetu vya akina mama kanisani vinaweza kuchangia, mradi tukumbuke kwamba shule ya serikali ni ya watoto wote, wa Kikristo na wa Kiislamu, na zawadi imfuate aliyestahili.

Tuzo ya kwanza hutolewa nyumbani

Karatasi ya matokeo inapofika, ulimi wa mama una kazi kubwa. Yuko mama anayesema, "Mtoto wa jirani amekuwa wa pili, wewe unaniletea takataka hizi?" Na yuko anayesema, "Mwanangu, muhula uliopita hesabu ulipata 18, sasa umepata 31. Ulifanyaje?" Wa kwanza anapata machozi. Wa pili anapata maelezo, na katika maelezo yale atajua mwanawe ameelewa nini na amekwama wapi.

Soma matokeo na mtoto peke yenu kabla ya kuyatangaza kwa majirani. Usimlinganishe na kaka yake. Sifia jambo moja lililo wazi, kisha mkubaliane jambo moja la kurekebisha. Zungumza na baba watoto pia, ili asije akabomoa jioni ulichojenga mchana. Na kama alama zimeshuka ghafla, uliza kwa upole: analala saa ngapi, anakula nini, nani anamsumbua njiani. Mara nyingi jibu haliko kwenye daftari.

Wiki hii mwulize mwanao tarehe ya mkutano wa wazazi ujao. Nenda, kaa mbele, na zamu yako ikifika uliza swali moja: "Mwalimu, mwaka huu nani amejitahidi ambaye hatujamwita?" Huenda mwalimu akataja jina ambalo wewe na mwenye jina hamkulitazamia.