Mwandishi wa uchumi na thamani ya takwimu

Msimu wa pamba wa mwaka 2019 uliacha funzo Mkula, wilayani Busega, na katika mkoa mzima wa Simiyu unaoongoza nchini kwa zao hilo. Bei dira ilitangazwa kuwa Sh 1,200 kwa kilo ya pamba mbegu. Bei ya soko la dunia ikashuka, wanunuzi wakasita, na pamba ikarundikana kwenye maghala ya vyama vya msingi huku wakulima wakisubiri malipo. Aliyefuatilia soko la nje alijua mapema kwamba mambo yangekwama.

Wakati huohuo kulikuwa na mvutano nchini juu ya nani anaruhusiwa kutoa takwimu. Septemba 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, na kuchapisha takwimu zinazopinga zile rasmi kukawa kosa. Adhabu ilikuwa faini isiyopungua Sh milioni 10, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Benki ya Dunia ilieleza wasiwasi wake, na Juni 2019 kipengele hicho kiliondolewa. Mwezi uliofuata benki hiyo ilikadiria kuwa uchumi ulikua kwa asilimia 5.2 mwaka 2018. Serikali ilikuwa imesema asilimia 7.

Mmoja wa waandishi waliofanya kazi katika hali hiyo ni Erick Kabendera. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa habari za siasa na uchumi, na makala zake zilichapishwa katika The EastAfrican na magazeti ya Uingereza, yakiwamo The Guardian na The Economist.

Julai 29, 2019 alikamatwa nyumbani kwake Dar es Salaam. Kwanza alihojiwa kuhusu uraia wake. Agosti 5 alishtakiwa kwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi ya Sh milioni 173 na kutakatisha fedha. Shtaka la utakatishaji halikuwa na dhamana, hivyo alikaa rumande karibu miezi saba. Mama yake alifariki Desemba 31, 2019, na mahakama ikakataa ombi lake la kuhudhuria mazishi.

Februari 24, 2020 aliachiwa baada ya makubaliano na Mwendesha Mashtaka. Alikiri makosa mawili, na malipo yote yalizidi Sh milioni 270. Watetezi wa uhuru wa habari walisema aliadhibiwa kwa kazi yake. Upande wa mashtaka ulishikilia kuwa hayo yalikuwa makosa ya fedha.

Kwa mfanyabiashara mdogo, kesi hiyo si ya waandishi peke yao. Mwandishi wa uchumi akinyamaza, soko hubaki na takwimu za upande mmoja, na mwenye mtaji mdogo ndiye huumia kwanza kwa kuwa hana wakala wa kumpigia simu kutoka nje. Kabla ya kufunga mkataba au kukopa benki kwa kutegemea bei iliyotangazwa, ni busara kuilinganisha na bei ya soko la dunia na taarifa za angalau vyanzo viwili visivyotegemeana.